Jinsi ya kumsikiliza Birgit Nilsson ukiwa Moshi, hata kama opera hujawahi kuigusa

Haya wapendwa, naandika hii kitu mara moja tu maana nimechoka kuieleza kidogo kidogo. Kila nikimtaja huyu mama wa Sweden kwenye mazoezi ya kwaya mtu ananiuliza "ndo nani huyo, anaimba gospo?" na mi naanza kueleza, naeleza, mpaka mwalimu wetu ananikata jicho na mazoezi yanaharibika. Kwa iyo anayetaka asome hapa, asiyetaka aendelee na sabufa lake.

Kwanza ujue unamsikiliza nani. Birgit Nilsson alizaliwa tarehe 17 Mei 1918 huko Västra Karup, kijijini kabisa, mkoa wa Skåne kusini mwa Sweden, mtoto pekee wa mkulima. Alikua anakamua ng'ombe na kupanda viazi kama sisi tulivyokua tunakata majani ya ng'ombe na kubeba kichwani. Mwalimu wa kwaya wa maeneo ya jirani ndo alimsikia akasema huyu binti apelekwe akasomee kuimba (mwaona walimu wa kwaya, kazi yenu sio kukata watu jicho tu). Baba yake hakupenda, alitaka mtu wa kurithi shamba. 1941 akaenda usaili Stockholm akawa wa kwanza kati ya waimbaji 47. 1946 akapanda jukwaa la opera ya kifalme (opera ni igizo linaloimbwa) kwa mara ya kwanza, tena kwa kuziba pengo, mwimbaji aliyepangwa aliumwa na yeye akapewa siku tatu za kujiandaa. Akaimba mpaka 1984. Akafariki siku ya Krismasi 2005, akazikwa kwao kwao Västra Karup, dunia inakuja kutangaziwa mazishi yameshaisha. Mchagga hapo haitaji maelezo, Desemba watu wanarudi nyumbani.

Sasa aina ya sauti yake. Kuna soprano nyingi, yani zile sauti za juu za wanawake. Ile nyepesi inayorukaruka kama ndege, ile laini ya katikati, na ile nzito ambayo wenyewe wanaiita soprano ya kidrama, hiyo ndo ya Nilsson. Kazi yake ni kusimama mbele ya orkestra ya watu mia na zaidi, matarumbeta yapo, matrombone yapo, ngoma zipo, na kuimba masaa BILA MAIKI na mtu wa siti ya mwisho kabisa juu amsikie. Rudia hiyo sentensi. Bila maiki. Ukilielewa hilo guide yangu umeshaimaliza nusu, na usipolielewa utasikiliza mwaka mzima na utasema tu "huyu mama anapiga kelele".

Na ndo hapo wengi wetu tunakwama, maana sisi watu wa kwaya wa siku hizi tumezaliwa na maiki mkononi. Siku umeme ukikatika katikati ya ibada utaona, soprano kumi na mbili tunageuka nyuki kwenye chupa.

Anza na bibi wa ng'ambo ya korongo

Kabla hujafungua simu fanya hili zoezi, usicheke. Bibi yangu anakaa Kibosho, migombani, na shoga yake wa siku nyingi anakaa ng'ambo ya korongo, ukitaka kwenda kwake kwa miguu unashuka mpaka mtoni unapanda tena, saa zima hilo na magoti yenyewe hayapo. Kwa iyo wanaitana. Bibi anatoka nje karibu na banda la ng'ombe, anasimama wima, anafungua kinywa kidogo tu, na inatoka sauti nyembamba, ya juu, kavu, kama waya. Hapigi kelele, mishipa ya shingo haimtoki. Na yule bibi mwingine anaitika. Mi nikijaribu kwa kupayuka mpaka koo linawaka, ng'ambo kule hawasikii kitu, wanasikia tu mbwa wanabweka.

Nenda shamba lolote na mwenzako, mmoja asimame mbali, kama mita mia mbili hivi. Payuka kwanza. Halafu tulia, vuta hewa chini tumboni, anza na mlio wa "ng" kama unaguna puani, ufungue uwe "ngeee" na uuelekeze mbele kwenye meno. Mwenzako akuambie ipi imefika. Sababu yake inaeleweka kabisa na imepimwa, kuna mtafiti wa Stockholm anaitwa Johan Sundberg amefanya kazi kubwa ya kupima sauti za waimbaji wa opera. Sikio la binadamu linashika vizuri zaidi mitetemo ya kama 2000 mpaka 4000 kwa sekunde, wakati nguvu nyingi ya orkestra iko chini huko, kwenye mia tano hivi. Kwa iyo sauti yenye ncha ya huko juu inapita kwenye kadirisha ambako orkestra haijajaa. Sio kwamba mwimbaji anashindana ubavu na watu mia, anapita dirishani. Na kwenye noti za juu kabisa soprano anafanya na kitu kingine, anafungua taya na kupanga mdomo ili uwazi wa ndani ulingane na ile noti yenyewe, ndo maana maneno huko juu huwa hayasikiki vizuri, usimlaumu.

Bibi hajawahi kusikia habari ya mitetemo. Ila analijua dirisha.

Vifaa, na kwa nini simu yako inamtukana huyu mama

Spika ya simu: hapana. Spika ndogo haitoi sauti za chini, kwa iyo orkestra yote inapotea unabaki na mwanamke mmoja anapiga ukunga jikoni, na mumeo atakuja kuuliza kuna nini. Sabufa: hapana pia, au ukiitumia shusha besi yote mpaka chini, maana ikijaa besi inamfunika. Kizuri ni hedifoni za waya za kawaida tu, au kaspika kakubwa kidogo ambako utakaweka MBALI. Hapa ndo siri yangu. Kaweke sebuleni we ukae barazani, au kaweke mwisho wa korido. Sauti hii haikutengenezwa kwa ajili ya kuingizwa sikioni, ilitengenezwa kusafiri. Watu waliomsikia ukumbini wamesema miaka yote kwamba rekodi hazikumshika vizuri, kwamba kulikuwa na kitu kinatokea kwenye hewa ya ukumbi ambacho maiki haikiwezi. Umbali unakurudishia kidogo, kidogo sana lakini.

Muda: mi nasikiliza saa kumi na moja alfajiri kabla bodaboda hazijaanza, au saa nne usiku. Mchana kwa sisi tunaokaa karibu na Mbuyuni sokoni usijisumbue. Bando: tafuta sauti tupu badala ya video, inakula kidogo. Na ukitafuta andika jina lake, jina la opera, jina la mwenzake na mwaka, usiandike Nilsson peke yake maana wapo kina Nilsson wengi na mmoja ni mwanaume wa Marekani mwenye nyimbo zake nzuri tu lakini sio huyu.

Siku ya kwanza ni vitendawili

Anza na Turandot, opera ya mtunzi Puccini, ile waliyorekodi Roma 1965, yeye na mwimbaji wa kiume Franco Corelli. Sehemu inaitwa "In questa reggia", dakika kama sita hivi. Usianze na opera nzima tafadhali.

Stori iko hivi, binti mfalme wa China hataki kuolewa, kwa iyo kila mchumba anayekuja anategewa vitendawili vitatu, ukikosa unakatwa kichwa. Kitendawili! Tega! Mji mzima umejaa vichwa. Na Puccini alifanya ujanja, huyo binti sehemu ya kwanza yote HAIMBI hata neno, anapita tu kama kivuli, mpaka sehemu ya pili ndo anafungua mdomo na hapo ndo unakuta wimbo huu. Maana ake mwimbaji amekaa nyuma muda wote huo amepoa, halafu anatoka moja kwa moja kwenye wimbo mgumu kuliko yote. Puccini mwenyewe alifariki 1924 hajaimalizia, ikaja kuonyeshwa Milan 1926.

Sikiliza mara tatu. Mara ya kwanza usifanye kitu. Mara ya pili sikiliza mwanzo tu, anaanza chini, ametulia, anasimulia habari ya bibi yake wa zamani sana aliyeburutwa na mgeni akauawa, yani ndo kisa cha hasira yote, na sauti haina joto kabisa, kama chuma cha asubuhi. Mara ya tatu sikiliza pale mwisho anapomwambia kijana mchumba (ndo Corelli huyo) vitendawili ni vitatu, kifo ni kimoja, na kijana anajibu hapana, uhai ndo mmoja, halafu wanapanda wote wawili mpaka C ya juu, noti ya juu sana hiyo, na kuishikilia. Hapo sasa. Wengine wakifika hapo unasikia wanavyosukuma, unaona mpaka jasho. Nilsson anafika pale kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake mwenyewe. Hilo ndo la kusikiliza, sio ukubwa wa sauti, ni kwamba HAKUNA KAZI inayosikika. Na Corelli naye hakuwa mdogo, kuna stori maarufu waimbaji wanapenda kuisimulia kwamba jioni moja alizidiwa pumzi kwenye hiyo noti akakasirika vibaya, bosi wa opera akamshauri amng'ate mama shingoni kwenye sehemu ya busu, na Nilsson akatuma telegramu kwamba hawezi kuendelea na ziara maana ana kichaa cha mbwa. Watu wanabishana kama aling'atwa kweli. Mi naipenda tu.

(Majibu ya vitendawili kama unayataka: tumaini, damu, na cha tatu ni jina lake mwenyewe.)

Yeye mwenyewe alikuwa anasema Isolde (mhusika wa opera nyingine, tunamfikia siku ya pili) ndo aliyempa umaarufu, Turandot akampa hela. Mtoto wa mkulima huyo, hela anaijua.

Siku ya pili, kinyume chake kabisa

Watu wakishamjua kwa zile noti za kukata kioo wanafikiri ndo yeye mzima. Kwa iyo siku ya pili weka mwisho wa Tristan na Isolde, opera ya mtunzi Wagner, rekodi ya Bayreuth, Ujerumani, 1966, Karl Böhm anaongoza. Imerekodiwa mbele ya watu kabisa. Opera yenyewe ni kama masaa manne ya muziki na Isolde anaimba kama mtu aliyekopa, na ule wimbo wa mwisho wa dakika saba hivi unakuja wakati mtu wa kawaida angekuwa amelazwa KCMC na dripu mkononi.

Sasa sikiliza anavyouanza. Maneno ya kwanza kabisa maana yake ni pole na kimya kimya, na anaimba hivyo hivyo, kasauti kadogo, kasafi, kanaelea juu ya orkestra. Halafu inajaa kama maji ya mvua ya masika yanavyoteremka kutoka mlimani, hujui saa ngapi yameanza kuwa mengi. Na mwisho kabisa, neno la mwisho, noti ya juu, anaiimba polepole, yani kwa sauti ndogo. Baada ya masaa yote hayo anayo sauti ya kuimba polepole!! Mwenzangu wa sauti ya pili aliposikia hapo alisema "huyu alikuwa anatubania muda wote". Ndo hivyo, alikuwa anabana. Hakuwa anatumia mtaji, alikuwa anatumia faida.

Alivyoingia New York na Isolde, Desemba 1959, alikuwa na miaka 41, na gazeti kubwa la pale likamweka ukurasa wa mbele. Siku kumi baadae, tarehe 28, wanaume wote watatu walioweza kuimba Tristan wakaumwa. Wote. Ikabidi kila mmoja aimbe sehemu moja tu, wa kwanza sehemu ya kwanza, wa pili ya pili, wa tatu ya tatu, na Isolde ni yule yule mmoja. Yani alimaliza wanaume watatu usiku mmoja na kesho yake akaamka. Alipoulizwa siri ya kuimba Isolde alisema viatu vya kustarehesha. Watu wanacheka wakisikia, mi sicheki, nimesimama ibada ya ndoa na viatu vya visigino nilivyonunua Memorial, namba ndogo, na naapa beti la tatu sikulipumulia sawasawa.

Hapa niseme kosa langu. Mara ya kwanza nilipowaalika watu nyumbani kusikiliza, nilikuwa na kiherehere, nikawaanzishia opera nzima ya Wagner, ya masaa manne na zaidi, mwanzo mpaka mwisho. Watu nane. Nusu saa wawili wamelala, mmoja kaingia jikoni eti anasaidia kumenya ndizi, mwalimu wetu anaangalia mpira kwenye simu chini ya meza. Nikajisikia vibaya. Lakini kosa lilikuwa langu, huwezi kumpa mtu gunia mkate ungemtosha.

Brünnhilde na yule farasi

Ukishaelewa hizo mbili ndo ingia kwenye kazi yake kubwa ya kurekodi, Ring ya Wagner, opera nne zenye masaa kama kumi na tano kwa jumla. Kampuni ya Decca ilizirekodi Vienna kuanzia 1958 mpaka 1965, Georg Solti anaongoza, John Culshaw ndo prodyuza, na ilikuwa mara ya kwanza mzigo wote huo kurekodiwa studio. Nilsson ni Brünnhilde, binti wa mungu mkuu, anavaa silaha na kupanda farasi. Kuna filamu ya BBC ya kipindi hicho inayoonyesha wanavyofanya kazi, na humo ndani wenzake wanamchezea, kwenye opera Brünnhilde anaongea na farasi wake, basi wakaingiza farasi wa kweli studio. Itafute tu umwone anavyocheka, maana rekodi zake zinaweza kukufanya ufikiri alikuwa mtu wa kutisha na alikuwa mtani kupita kiasi.

Utaratibu wangu huu: weka kwanza ule wito wa vita kwenye Die Walküre (opera ya pili kati ya hizo nne), mwanzo wa sehemu ya pili, dakika moja na kitu tu. Halafu ruka mpaka mwisho kabisa wa Götterdämmerung (ile ya nne), dakika ishirini hivi, pale anapowasha moto na kuingia nao. Katikati utarudi ukiwa tayari. Ukifika Siegfried (ile ya tatu) ujue kwamba yule mwanaume mwenye jina hilo ameimba masaa matatu anafua vyuma na kuua joka, halafu ndo anamuamsha Brünnhilde usingizini mwishoni kabisa, mama katoka kitandani hana hata vumbi, na wanatakiwa waimbe pamoja nusu saa. Sio haki kabisa. Nilsson alikuwa hana huruma hapo.

Video ziko mbili ninazopenda. Moja ni Tristan ya Orange, Ufaransa, 1973, kwenye uwanja wa kale wa Warumi, nje, usiku, upepo unapuliza nguo mpaka unaogopa zitamkaba, na yeye na Jon Vickers wanaimba tu. Ya pili ni opera inaitwa Elektra, ya New York 1980, ana miaka 61. Hiyo usiangalie na watoto, ni hasira mwanzo mwisho na anakaa jukwaani karibu muda wote. Sauti hapo imeanza kuchakaa kidogo na sifichi, sometime inapanda juu zaidi ya inavyotakiwa, lakini ukishamwona pale utaacha kunisumbua na habari za "uso wa mwimbaji uwe na tabasamu".

Jaribio la matarumbeta

Hili ndo lililowageuza wenzangu, sio maneno yangu. Wote tunajua bendi za matarumbeta za sharika zetu huku Kilimanjaro. Jumamosi moja baada ya mazoezi tukawaomba vijana wa matarumbeta, walikuwa nane tu, wapige pambio moja polepole, na sisi tusimame MBELE yao mmoja mmoja tuimbe ubeti mmoja bila maiki, wengine wakae viti vya nyuma kabisa karibu na mlango wasikilize. Nane tu, sio mia.

Mi nilimezwa. Dada yetu mmoja mwenye sauti kubwa sana, ambaye siku zote tunamtegemea, naye kamezwa, unaona mdomo unaenda. Aliyefika nyuma ni binti mmoja mwembamba wa sauti ya kwanza ambaye mwalimu huwa anamwambia "punguza, unachoma". Alichoma, akafika. Kumbe muda wote tumekuwa tunamzimia kitu chenyewe. Mwalimu akakaa kimya kidogo akasema haya, rudieni ile ya yule mama wa Sweden tena.

Ila onyo, na hapa sitanii. Usimwige. Usirudi nyumbani ukaanza kupiga C za juu. Sauti nzito inachelewa kukomaa, yeye mwenyewe ile New York alifika amepita arobaini. Na alisema wazi kwamba mwalimu wake wa kwanza wa chuo nusura amuue kisauti, akaishia kujifundisha mwenyewe jukwaani. Unachoweza kuchukua kwake ni vitatu: pumzi ya chini, kutosukuma, na kuelekeza sauti mbele kama bibi wa korongo. Koo likiuma umekosea, acha, kunywa maji, nenda kalale.

Ukitaka kuendelea

Alichoacha hakikuishia kwenye rekodi. Aliacha hela ya tuzo, dola milioni moja za Marekani, na mtu wa kwanza kuipata alimchagua mwenyewe kabla hajafa, akaandika jina akalifungia kwenye bahasha, ilipofunguliwa 2009 ni Plácido Domingo. 2018, mwaka ambao angetimiza miaka mia, ikaenda kwa Nina Stemme, Mswidi mwenzake wa sauti hiyo hiyo nzito, na huyo ndo wa kumsikiliza baada ya Nilsson, ana joto ambalo Nilsson hana. Halafu Lise Davidsen wa Norway, kazaliwa 1987, yupo kazini sa hivi, huyo ukiwa na bahati ya kusafiri unaweza kumkuta jukwaani kabisa. Kwao Sweden walimweka Nilsson kwenye noti ya kroni 500, fikiria mwimbaji kwenye noti. Sisi tungemweka nani, mi nasema Siti binti Saad, naye mtoto wa shamba, alizunguka anauza vyungu akinadi kwa sauti mpaka koo likafunguka, na 1928 akaenda Bombay kurekodi. Mbishe tu, nimeshasema.

Na kama unataka mwenye ngozi kama yetu kwenye hizi sauti kubwa, Jessye Norman, mzaliwa wa Augusta, Georgia, alianzia kanisani. Anza naye kwa zile nyimbo nne za mwisho za Richard Strauss. Pretty Yende wa Afrika Kusini mi nampenda sana lakini sauti yake ni ile nyepesi ya kurukaruka, usimlinganishe na hawa, ni kama kumlinganisha chiriku na tarumbeta.

Mwezi uliopita nilipanda Kibosho na kaspika kangu. Nikakaweka kwenye ngazi ya nyumba, nikamkalisha bibi kwenye kigoda kule karibu na banda la ng'ombe, mbali kidogo kama nilivyowaambia, nikaweka ule wito wa Brünnhilde, ule wa dakika moja. Ng'ombe kageuza kichwa. Bibi kasikiliza mpaka mwisho, kaniuliza:

"Anamwita nani?"

Nikamwambia anamwita baba yake bibi, anamwonya kwamba mke wake anakuja, amekasirika sana, yuko kwenye mkokoteni unaovutwa na kondoo dume.

"Mke wake ndo mama yake huyo binti?"

Hapana bibi, binti ni wa nje.

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema basi huyo lazima aite hivyo hivyo, baba akichelewa kusikia wameisha wote. Halafu akanyoosha mkono kule kwenye ngazi.

"Rudia, na uisogeze kule karibu na korongo, yule wa ng'ambo naye asikie."